Koo la Baba Mkwe

Zahanati, Ngonga
7 Mei 2024

Baba Mkwe,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na mpunga unaendeleaje kukauka? Mimi sijambo, miguu tu inaniuma kwa kusimama kutwa. Mwanao Tumaini alipiga simu jana, lori lao la mchele limefika Dar es Salaam salama, anakusalimu sana.

Najua unashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye akiwika jogoo wake unamsikia. Kuja mwenyewe siwezi. Siku nilipoolewa, mama mkwe alinikalisha chini akanieleza desturi yenu Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemeshani, na wakikutana njiani lazima mmoja apishe. Kwetu Singida mkwe tunakaa naye mkeka mmoja na kumtania, lakini nilikubali, na tulipokuwa tunaishi Kyela mjini haikunipa taabu. Taabu imeanza Serikali iliponihamishia hapa, nikawa tabibu wa kijiji chenye mgonjwa mmoja asiyeruhusiwa kuniona. Nilifikiria kukupigia simu, ila mama anasema kwako hata sauti ni sehemu ya mtu.

Jumapili nilikuona. Nisamehe, sikukusudia. Nilikuwa natokea kwenye kona na baiskeli, wewe ukashuka kwenye jaruba na suti yako ya kanisani, maji yakakufika magotini. Nilipita nikiangalia upande wa pili. Nilisikia ukisema "ndaga" kwa sauti ya chini, sijui shukrani hiyo ilikuwa yangu au ya chura.

Sasa niseme lililonitoa. Mama ameniambia chakula kinakukwama. Anasema ilianza mpunga ukiwa mchanga na leo tunavuna, kwamba ugali unausukuma kwa maji, samaki mbasa umemwacha ukabaki na mchuzi, na mkanda umeutoboa tundu jipya. Baba, koo likikataa chakula wiki baada ya wiki, hiyo ni dalili inayotaka kipimo, haitaki uvumilivu. Naomba uje zahanati. Tutatafuta namna.

Mkamwana wako,
Catheline


Ngonga
11 Mei 2024

Kwa Mkamwana,

Mugonile huko. Sisi huku tumeamka vizuri, mama yako analalamika goti na mimi simlalamikii mtu. Pole na miguu. Kalie kiti, Serikali haitakufukuza.

Barua yako ilinipa kazi. Umeandika jina langu lote juu ya bahasha, Zabroni, herufi kubwa, kama mtu anayedaiwa na benki. Mkamwana hatamki jina la mkwe wake. Nilikwenda kwa rafiki yangu Ambrose, ambaye ni mzee wa kanisa mwenzangu na anajua mambo ya zamani, tukaketi tukaijadili hiyo bahasha hadi jua likachwa. Tumeona hivi: karatasi haina uso wala sauti, kwa hiyo kuandikiana si kuonana. Unaweza kuendelea. Ila juu ya bahasha andika "Kwa mwenye nyumba".

Habari ya suti nakuomba isifike kwa mtu. Imekauka, lakini imepungua urefu.

Kuhusu koo, mama yako ana maneno mengi. Sikwamwi na kitu. Ugali wa siku hizi unasagwa vibaya na mahindi yenyewe ni ya mbolea. Mkanda niliutoboa kwa kuwa ngozi ililegea. Mimi mpaka leo chai naipokea inatoka jikoni ikitokota, naimaliza kabla Ambrose hajaacha kupuliza ya kwake, na kiko changu nakivuta vilevile tangu ujana. Mtu mgonjwa wa koo angeweza hayo?

Lakini nina rafiki. Jina lake silitaji, na si Ambrose. Huyu rafiki anakwamwa kidogo, hasa hapa katikati ya kifua, na sauti yake kwaya wamesema imekuwa nzito. Ananiomba nimuulizie kama kuna dawa ya kumeza inayoweza kutumwa kwa mkono wa mama yako.

Nakutakia kazi njema.

Baba mkwe wako


Zahanati, Ngonga
14 Mei 2024

Kwa mwenye nyumba,

Shikamoo Baba. Hapa sote ni wazima. Goti la mama nimelipa dawa ya kuchua, asikuchue nayo wewe, ni kali.

Mpe salamu rafiki yako. Mwambie nimemhurumia, hasa kwa kuwa naye ameoa mwanamke anayeumwa goti, anayesuka ukili vizuri na anayeniletea barua.

Mwambie dawa ya kumeza sina, kwa sababu sijui ninachotibu. Kukwama kunaweza kutokana na mambo mengi, mengine madogo kabisa. Lakini kunaweza kuwa saratani ya koo la chakula, na hiyo ukanda huu wa ziwa, kwetu na ng'ambo Malawi, tunaiona mara nyingi kuliko tunavyopenda kuisema. Ikikutwa changa ina matibabu. Ikiachwa mpaka mtu anashindwa kumeza uji, tunabaki kumtuliza maumivu tu. Tofauti ya wagonjwa hao wawili, mara nyingi, ni siku waliyoamua kuondoka nyumbani.

Na hiyo chai anayojisifia, aiache ipoe. Chai inayounguza, kila siku, miaka na miaka, inachubua njia ya chakula, na mahali panapochubuliwa kila siku ndipo ubaya hupenda kuanzia. Kiko ndicho kibaya zaidi, na kiko pamoja na pombe ya kimpumu ni ndugu wawili wanaosaidiana kuiba. Simwambii awe malaika. Namwambia azime kiko, apunguze pombe, ale matunda na mboga ambazo mkewe anazilima yeye anazipeleka sokoni.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tano tutakuwa na siku ya afya pale uwanja wa kanisa. Nitazungumza na watu, na akina mama watapimwa shingo ya kizazi. Namtaka mama awe wa kwanza, nakuomba umruhusu. Huyo rafiki naye, kama hawezi kuja mbele, aje hata nyuma.

Ana shingo, Baba. Nikipewa nafasi ya kuigusa nitajua kama kuna tezi zimevimba. Anaweza kujifunika shuka usoni. Mimi nitajifunika pia, tukipenda.

Mkamwana wako,
Catheline


Ngonga
26 Mei 2024

Kwa Mkamwana,

Mugonile. Hatujambo. Sijambo hasa mimi, ila nimevimba mwilini kwa sababu nitakayoeleza.

Jana nilihudhuria siku yako ya afya. Hukuniona kwa kuwa nilikuwa ndani ya shamba la kakao la kanisa, nyuma ya mti mkubwa, nimekupa mgongo ili nisikuone. Sauti nilichukulia ni ya kipaza sauti, si yako. Nilisikia yote. Nilisikia ulivyowaambia akina mama wajipapase matiti wakiwa na sabuni mkononi wakioga, na uvimbe hata usiouma wasiufiche. Nilisikia kuhusu damu inayotoka pasipo wakati, na kidonda kinachokaa mwezi bila kufunga, na karanga zenye ukungu ambazo mimi huzikaanga ili kuua ladha. Ambrose alinyanyuka mbele ya watu kuuliza habari za baka alilozaliwa nalo mgongoni, ukamjibu kwa upole kwamba kama halijabadilika tangu azaliwe aliache lizeeke naye. Watu walicheka nami nikacheka. Hapo ndipo siafu walipopanda. Nilivumilia mpaka uliposema maneno ya mwisho, kisha nikakimbia kupitia kwenye migomba, na shati nililiacha huko. Kama mtu ameliokota, ni langu.

Mama yako alipimwa, amerudi anaimba. Anasema ulimwambia yuko salama arudi baada ya muda. Amenisimulia mara nyingi kuliko nilivyomwomba.

Chai napoza sasa. Ambrose anamaliza kabla yangu kila asubuhi na anafurahi kama aliyeshinda kesi. Kiko nimekifunga kwenye mfuko wa mbolea juu ya dari. Nakitazama, lakini sijakishusha.

Mkamwana, rafiki ni mimi.

Ugali sili tena. Nawapa kuku mama yako akigeuka, ndiyo maana wamenenepa hivyo. Mchele wetu huu wa Kyela ambao watu wanaufuata kutoka mbali, ninaulima na hauingii. Jana usiku mate yenyewe yalisita.

Nataka ujue kwa nini siji. Desturi ni kweli, siwezi kufungua kinywa mbele ya mkamwana, hicho ni kitu ambacho baba yangu asingekielewa. Lakini siyo hiyo peke yake. Kaka yangu Eliud alianza hivihivi. Alikwamwa, akacheka, akakonda. Tulipompeleka hospitali wakampima, na haikupita muda tukamzika. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kuingia mle ndani. Tangu siku hiyo moyoni mwangu kipimo na jeneza ni kitu kimoja. Nikibaki hapa bila kupimwa, angalau sijaambiwa.

Usimwambie Tumaini. Yuko barabarani, anaendesha lori.

Baba mkwe wako


Zahanati, Ngonga
27 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Kipimo hakikumuua Baba Mkubwa Eliud. Kilimkuta ameshachelewa. Mlimbeba mgongoni kwa sababu hakuweza tena kutembea. Wewe unaweza kutembea, na jana nimesikia unaweza hata kukimbia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki nije kukuona uso wako kwa mara ya kwanza siku umelazwa sebuleni watu wanalia. Nimekasirika, Baba. Nimelia pia, wagonjwa wakadhani nimefiwa.

Kinywa chako sitakiangalia. Nimeandika rufaa ya kwenda Mbeya, na daktari wa huko ni mwanaume, mtu wa Tanga, hana ukwe na mtu yeyote katika wilaya hii. Wanaingiza mpira mwembamba wenye kamera, wanatazama njia ya chakula, wakiona mahali wanapopashuku wanachukua kinyama kidogo. Hakuna kupasuliwa. Utarudi nyumbani siku ileile.

Mama ataingia na wewe. Mimi nitapanda basi hilohilo nikae mbele kabisa, wewe kaa nyuma. Nitangoja nje ya geti, ili daktari akiwa na swali la kitabibu mama aje kuniuliza. Ni Jumatano ya tarehe kumi na mbili Juni. Usile kitu tangu usiku wa Jumanne.

Tumaini sijamwambia. Usipopanda basi siku hiyo, nitamwambia.

Catheline


Ngonga
16 Juni 2024

Kwa Mkamwana,

Mugonile. Nyumbani kote salama, koo linawasha tu kidogo. Mama yako amepona, ameshaanza kugombana na kuku.

Sikukujibu ile barua yako ya hasira kwa maandishi. Nilikujibu kwa kupanda basi. Nadhani uliona gazeti siti ya nyuma. Nyuma ya lile gazeti nilikuwa mimi. Nililisoma tangazo moja la mnada kuanzia Kyela hadi Mbeya, nalijua kwa moyo.

Lakini nina jambo la kulalamikia, nalo ni zile kona za Tukuyu. Mama yako alianza kutapika kabla hatujaumaliza mlima, na tulipofika hospitali akalala kwenye benchi akasema hata akifa azikwe hapohapo. Ndipo yule nesi akatoka akaita: "Ndugu wa mgonjwa aingie." Nikamwambia sina ndugu. Akauliza nimekujaje peke yangu na umri huu. Nikasema nimekuja na abiria. Mama yako, pale alipolala, akanyoosha kidole getini.

Ukaja. Nikafumba macho.

Ningependa ieleweke kwamba niliyafumba tangu ulipovuka mlango mpaka ulipotoka, kwa hiyo kwa upande wa kuonana sheria haikuvunjwa. Ambrose analikubali hilo. Lakini walipoleta ule mpira nikasikia mwili wote unataka kukimbia, na ungekimbia, kama mkono haukuja ukashika wa kwangu. Haukuwa wa daktari, yeye alikuwa na mikono yote kazini. Ulikuwa mkono mdogo, wa baridi, unatetemeka kuliko wa kwangu. Nilifikiri: kumbe naye anaogopa, basi mbona hakimbii. Nikatulia. Mpira ukaingia ukatoka.

Daktari alisema ameona mahali, amechukua kinyama, tungojee. Nimesema asante kwake. Kwako sikusema, kwa sababu macho yalikuwa yamefumbwa na kinywa kimekufa ganzi.

Wazee wamekaa jana kwa ajili ya ule mkono. Ambrose alitaka mbuzi. Nikawauliza, katika kumbukumbu zao zote, ni lini mkwe aliwahi kuwekewa mpira kooni ili tujue bei yake. Wameamua jogoo mmoja, nimemtoa, nimekunywa mchuzi. Nyama amekula Ambrose.

Sasa kungoja ndiko kubaya. Nikisikia pikipiki inakata kona, nadhani ni majibu.

Baba mkwe wako


Zahanati, Ngonga
4 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini umelala. Mimi sikulala vizuri.

Majibu yamefika. Nimeshika kalamu mara kadhaa kuyaandika na kila mara nimechana karatasi. Kuna mambo yanafaa barua. Suti inafaa, siafu wanafaa. Hili halifai, kwa sababu ukilisoma utakuwa na swali, na karatasi haitakujibu, utakaa nalo peke yako mpaka mama alete nyingine.

Tumaini amerudi jana. Nimemwambia. Amesema lolote utakaloamua yeye yuko nyuma yako.

Jumapili baada ya ibada nitakuja nyumbani kwako. Nitapita mlango wa mbele. Kama hutaki kuniona, toka, sitachukia na nitamwachia mama ujumbe. Kama utakuwepo, nitakaa kwenye kiti kile kilicho karibu na dirisha na nitakuambia yote bila kukuficha.

Mkamwana wako,
Catheline


Ngonga
7 Julai 2024, jioni

Mwanangu,

Naandika hii nikiwa sebuleni. Wewe uko jikoni na mama yako, nakusikia unamfundisha kulainisha mboga zangu, naye anakufundisha kwamba hujui kupika. Tumaini yuko nje anajifanya anatengeneza pampu ya baiskeli. Ninaweza kuita ukaja, ni hatua chache tu. Lakini kuna neno moja ambalo nimelijaribu tangu umeingia na halijatoka, nikaona nilipitishe njia tuliyoizoea.

Ulipokaa kwenye kile kiti sikujua mtu anamtazama mkamwana wake wapi. Nikatazama viatu vyako. Ukasema, "Baba, ni saratani. Ni ndogo, haijasambaa. Tumewahi." Nikanyanyua macho bila kukusudia, nikakuona. Nilidhani wewe ni mtu mkubwa zaidi, kwa barua zile. Kumbe ni binti mdogo tu mwenye miwani, na ulikuwa unalia huku umenyoosha uso ili nisijue.

Nikauliza maswali yangu yote, ukanijibu yote, hata lile la nitaishi muda gani, ambalo ulisema hulijui. Nimependa kwamba hukudanganya. Nimeelewa kwamba kutakuwa na Dar es Salaam, na kulazwa, na upasuaji, labda na dawa za kunyoa nywele ambazo sina nyingi. Nimesema mbele yenu sawa, twende, na sauti yangu ilikuwa ya mzee wa kanisa. Ambrose aliposikia kwamba nimekaa nawe chumba kimoja alikuja mbio kuniuliza nitawaeleza nini wazee. Nimemwambia awaeleze kwamba niko hai, na wakitaka jogoo mwingine bandani bado wapo, wameshiba ugali.

Neno lenyewe ni hili. Naogopa. Mama yako nikimwambia atalia, Tumaini nikimwambia ataegesha lori na tutakula nini. Wewe ulitetemeka ukaendelea kushika, kwa hiyo nakuambia wewe.

Tukifika huko, wakisema ndugu mmoja tu ndiye aingie, ingia wewe. Safari hii macho nitayafumbua.

Baba yako,
Zabroni